Dudumizi wa Kaya Namba 41

Watoto wanaoletwa kwenye kinamasi chetu cha Isunga hawaanzi kwa kutazama. Wananusa. Wakishuka tu kwenye lori wanasimama pua juu, kimya, na mimi nasubiri na fimbo yangu ya kupimia kina mpaka wamalize, maana hata ningepiga kelele wasingenisikia. Ni harufu ya tope. Wengi wao hawajawahi kuisikia tangu wazaliwe.

Siku hiyo walikuwa thelathini na mmoja, darasa la sita kutoka Itambo, na mwalimu wao Ipyana, kijana mwembamba anayeomba radhi kila baada ya sentensi mbili. Niliposikia jina la kijiji moyo ulinishuka. Itambo ndio majirani zetu wa chini. Ndio wanaosubiri tufe.

Nieleweke vizuri hapo, sina ugomvi nao. Ugomvi ni wa sheria. Kwa Sheria ya Mgao kila tone la mto lina mwenyewe, na mwenyewe lazima awe kaya. Wakati wa kuandikisha, kuna mtu mmoja mwenye huruma, sijui aliwashawishije wenzake, akakiandikisha kinamasi nacho kama kaya. Kaya Namba 41. Wanakaya wake ni aina sitini na tatu za ndege na vyura, kila aina imeandikwa kwa sauti yake. Mkuu wa kaya ni mimi, Atuganile, kwa sababu kinamasi hakiwezi kutia sahihi. Maadamu imebaki walau jozi moja, dume na jike, lango la mto linafunguliwa alfajiri na kufungwa saa tano, na maji yanaingia kwetu. Siku jozi hiyo ikikosekana, lango linafungwa moja kwa moja na maji yanakwenda kwa jirani.

Anayehesabu si mtu. Ni Sikio: nguzo kumi na nne zilizosimikwa ndani ya matete, kila moja ina kinasa sauti kichwani. Sikio halilali, halina mjomba wala shangazi wa kulisihi. Linajua sauti ya kila ndege, na sauti za watu linazifuta. Lilifundishwa makoo ya watu kwa mamilioni, wakiongea, wakiimba, wakikohoa, wakipiga mluzi, hivyo hata ukisimama chini ya nguzo ukaimba pambio zima, kwake hukuimba. Mwaka nilioanza kazi lilihesabu aina zote sitini na tatu. Mwaka wa tano zilibaki ishirini. Mwaka wa kumi na mbili vyura wakanyamaza wote ndani ya wiki moja, na wiki hiyo nililia mpaka mume wangu, Mungu amrehemu, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Ikabaki aina moja tu, dudumizi. Dume mmoja, jike mmoja. Kwa midomo miwili hiyo lango letu limekuwa likifunguliwa miaka saba.

*

Pamoja na watoto alishuka mwanamke mwenye koti safi la Mgao, begi begani, viatu visivyofaa kabisa. Akanisalimia shikamoo kwa adabu, akajitambulisha kuwa anaitwa Nyamizi, akanivuta pembeni. Alikuwa amekuja Isunga akiwa mtoto, aliniambia, enzi ndege korongo walikuwa bado wapo, na nilimfundisha kushika kinyonga bila kumbana. Sikumkumbuka. Wamepita watoto wengi mno.

Habari aliyoileta ilikuwa fupi. Sikio limeingiwa na shaka. Miaka saba linasikia jozi moja ya dudumizi ikiitana, na katika miaka saba hiyo halijasikia kinda hata mmoja. Kwa hiyo limeomba macho. Leo Nyamizi amtafute ndege, amwone, kisha mkuu wa kaya aseme mbele ya nguzo kama yupo au hayupo. Neno la mkuu wa kaya ndilo la mwisho.

Sikutetereka hata kidogo. Nilimwambia atamwona, tena nitamwita mwenyewe, sogea nyuma tu maji yasije yakaingia kwenye viatu vyako vya harusini. Akacheka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na uhakika.

Tukaingia kwa njia ya mbao. Zamani njia hiyo ilikuwa mwendo wa saa nzima na ulikuwa unarudi hujafika katikati. Siku hizi kinamasi chote ni hatua kama mia tisa kutoka kwetu mpaka kwenye lango, na kando yake ardhi imepasuka vigae. Lakini ndani bado kuna kivuli cha mafunjo, bado maji ni meusi na ya baridi, na watoto walitembea wameshikana mikono bila kuambiwa. Niliwaonyesha jinsi mizizi ya matete inavyochuja taka, jinsi tope linavyohifadhi maji ya masika mpaka kiangazi. Nilieleza pia viboko na mamba na korongo, nikiwaonyesha kila mmoja alipokuwa akikaa.

Shuleni walikuwa wamepewa karatasi yenye safu mbili, Nimeona na Nimesikia. Wengine waliandika kila kitu nilichotaja, mamba, kiboko, chapchap, wapate maksi. Mmoja tu alikuwa haandiki. Anaitwa Tumpale, mrefu kuliko wenzake, midomo imechanika kwa ukavu. Nilipomuuliza mbona karatasi nyeupe akasema hajaona kitu bado. Nikamwambia mamba walikuwepo. Akasema mwalimu hakuwapa safu ya Walikuwepo.

Ipyana akaomba radhi. Mimi nilimpenda mtoto papo hapo, na kwa kuwa nilimpenda nikamtafutia kamongo.

Kamongo ndiye fahari yangu. Nilipiga magoti ukingoni, nikazamisha mkono mpaka kwapani, nikapapasa, nikamtoa: mnene, mtelezi, ana viungo vinne vyembamba kama nyuzi pale palipopaswa kuwa na mapezi. Nikawaeleza kwamba huyu samaki ana mapafu, anapanda juu kumeza hewa kama mimi na wewe. Maji yakikauka hafi. Anachimba tope, anajikunja humo, anajitengenezea mfuko wa ute, analala. Mwaka, miaka miwili, hata mitatu, mpaka maji yarudi. Tumpale alimgusa kwa kidole kimoja, akaandika kwa herufi kubwa: KAMONGO. Kisha akauliza kama Sikio linamhesabu.

Nikamwambia hapana. Kamongo hasemi.

"Kwa hiyo yeye si wa kaya?"

Nikajifanya kunawa. Nilipogeuka yule mtoto alikuwa amelala kifudifudi juu ya mbao, uso ndani ya maji, anakunywa. Anakunywa hasa, koo linapanda na kushuka. Na wenzake wawili wameshaanza kupiga magoti.

Hapo niliropoka, na nilivyoropoka sitajisamehe. Nilimnyanyua kwa ukosi wa shati nikamwambia toka, hayo maji si yako. Ndiyo kanuni, mgeni hanywi maji ya kaya, na nimeshaisema kwa watoto wa vijiji vingine mara nyingi bila kujisikia vibaya. Tumpale akajifuta midomo kwa kiganja halafu akalamba kile kiganja. Hakulia. Aliangalia tu huku na huku, kwenye mafunjo, kwenye matete, kama anayetafuta mwenye maji amwombe msamaha.

*

Mwisho wa ziara huwa namwita dudumizi. Hicho ndicho watoto wanachokisimulia nyumbani, na siku hiyo ndicho Nyamizi alichofuata.

Kwanza nikawafundisha. Dudumizi ni ndege wa vichakani na kwenye matete, mkia mrefu, mvivu wa kuruka, husikika zaidi ya kuonekana. Sauti yake ni maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu, du-du-du-du-du, inaanza juu inashuka. Wawili wakipendana wanaitana kwa zamu, na kwao mambo yamegeuzwa: jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye sauti nzito, dume ndiye mwembamba. Wavulana wakaguna, wasichana wakafurahi.

Kisha nikaunganisha viganja, nikaacha uwazi katikati kama ninayefunika panzi, nikaweka midomo kwenye vifundo vya vidole gumba nikapuliza. Nilijifunza hivyo nikichunga ng'ombe wa baba. Kila mtu aliyewahi kuchunga anajua. Sauti ikatoka nzito, ikashuka taratibu, ikaenda.

Tukasubiri. Hata Ipyana alisahau kuomba radhi.

Akaitika. Kutoka ng'ambo, upande wa lango, sauti nyembamba ikishuka vilevile, du-du-du-du-du. Watoto wakashikana mabega. Mimi nitasema ukweli, kuna siku za ujane wangu ambapo sauti ile ndiyo pekee iliyonijibu kutwa nzima.

Nyamizi alikuwa ameshatoa kioo chake kinachozungumza na nguzo. Akanionyesha: namba kumi na moja na kumi na mbili zimeisikia sauti, na mahali pameshaonyeshwa. Hatua mia sita. Tukamwacha Ipyana na watoto kwenye mbao, tukashuka majini sisi wawili, yeye na viatu vyake mkononi.

Njiani akasema kitu, kwa upole, macho kwenye kioo. Aliniuliza kama nimewahi kumwona. Nikasema ndiyo, mara nyingi. Akauliza lini mara ya mwisho. Nikafungua mdomo nijibu na nikakuta sina mwaka wa kutaja. Nilikuwa na mkia niliouona, nikaupeleka mwaka huu, ukakataa, nikaupeleka mwaka juzi, ukakataa, nikaendelea kurudi nao nyuma hadi enzi ambazo mume wangu alikuwa hai na vyura wanaimba. Nilitembea tu mbele kwa haraka zaidi.

Alipoonyesha ishara tusimame, nikapuliza tena. Ile sauti ikajibu karibu kabisa, karibu mno, na ndani yake nikasikia kitu ambacho umbali ulikuwa ukinificha. Mwishoni kulikuwa na pumzi.

Nikatenganisha matete.

Ulikuwepo ukuta wa zege wa lango, na juu ya ukuta amekaa mwanamume wa makamo mwenye buti za mpira na sweta la walinzi wa mto. Macho ameyafumba. Viganja ameviunganisha mdomoni.

Alipotusikia alifumbua, akaruka chini kwa shauku, maji yakamfika magotini, akatushika kama ndugu zake, sisi asiotujua.

"Mmemwona?" alisema kwa kunong'ona, asimtishe. "Jike. Amelia sasa hivi, hapohapo mlipo. Mmemwona?"

*

Jina lake Ambilikile. Kwa Kinyakyusa chetu ni kusema, ameniita. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Tulikaa kwenye zege watu wazima watatu. Ilibidi nimwambie mimi. Sikutumia maneno, niliunganisha viganja tu nikamwonyesha, na nikaona uso wake ukielewa polepole. Alikuwa mlinzi wa lango miaka tisa, amepigwa marufuku kuvuka kuja upande wetu. Siku moja alimsikia jike analia peke yake bila dume. Akamwonea huruma. Akafikiri, asipojibiwa ataondoka. Akamjibu. Toka hapo kila nilipoita aliacha alichokuwa akifanya, hata akiwa na homa, kwa sababu aliogopa siku moja asiyoitika ndiyo nitakayokata tamaa niruke.

Nyamizi aliyaweka wazi yaliyobaki, sauti kavu. Sikio linafuta koo la mtu. Viganja si koo. Waliolifundisha walikuwa watu wasomi wa mijini, hakuna aliyechunga, haikuwapitia akilini kwamba mtu anaweza kulia kwa mikono. Kwa hiyo liliwasikia dudumizi wawili, dume na jike, wazima, wenye kupendana, wasiozaa.

Miaka saba. Miaka saba maji ya Itambo yalikuwa yakiingia kwangu kwa ajili ya ndege aliyekuwa mimi.

Halafu Nyamizi akanishangaza. Akakunja kioo chake akasema yeye ataandika ameuona mkia. Mikia ya dudumizi huonekana hivyohivyo, nusu, ukageuka umepotea. Hakuna wa kumbishia. Mimi niseme yupo, basi, tupate miaka mingine saba.

Ambilikile akadakia kwa kusihi. Lango hili nikilifunga kwa amri ya Mgao, alisema, wanakuja wanalijengea, halifunguliwi tena. Maji yatakwisha ndani ya siku arobaini, na mle ndani wamo kamongo, nimewahesabu kwa mapovu yao, ni mamia. Kaya ina wenyewe, dada. Ni kwamba hawasemi.

Alisema kweli. Hilo ndilo linalonitafuna hadi leo, kwamba alisema kweli tupu. Kinamasi hakikuwa kimekufa. Kilikuwa bubu tu, na sheria haina nguzo ya kumsikiliza bubu.

Nilikwenda mpaka nguzo ya kumi na mbili. Ina kitufe cha shaba cha kubonyeza, na ukibonyeza, kwa mara moja tu, Sikio linaacha kulifuta koo lako. Nilipokuwa natembea nilikuwa nimeshaamua kusema yupo. Naapa nilikuwa nimeamua. Nilibonyeza, nikavuta pumzi, na kilichonijia si ndege wala kamongo. Ni kiganja cha yule mtoto, na ulimi wake.

Kudanganya bila kujua nilikuwa hodari, nimedanganya miaka saba bila kukosea hata sauti moja. Kwa kujua nilishindwa hata dakika moja.

"Hayupo," nikasema. "Wote wawili hawapo."

Sikio halikuuliza chochote. Kioo cha Nyamizi kikatoa mlio mdogo, akasoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi yake. Kaya Namba 41 imefutwa. Mgao wake kwa jirani, Itambo, lita mbili kwa kila mtu kwa siku. Akamalizia: kwa miezi minne, kulingana na kina cha mto.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilitegemea ndoo. Miaka saba nilidhani, na wao Itambo walidhani, kwamba tunakalia bahari. Lita mbili, miezi minne, halafu na mto wenyewe basi. Nikamgeukia Ambilikile. Alikuwa ameshaanza kupanda ngazi za lango, mgongo umeinama, na saa tano ilikuwa haijafika.

*

Watoto tuliwakuta wamekaa kwenye mbao wakila viazi vyao. Waliuliza kwa pamoja kama tumemwona, na Nyamizi akajibu kwamba matete yalikuwa marefu. Nikamwachia uongo wake, mimi wangu nilikuwa nauhifadhi.

Kabla hatujatoka nilimwita Tumpale pembeni nikamwambia anywe. Anywe mpaka achoke. Akaniangalia kwa mashaka, akauliza, kwani sasa ni ya kwake? Nikamwambia ndiyo, kuanzia leo. Akainama akanywa, na wenzake wakainama, thelathini na mmoja, na Ipyana mwisho wao akiomba radhi kwa maji yenyewe. Tumpale alipoinuka, kidevu kinachuruzika, alitaka kujua kamongo itakuwaje kama maji watayanywa wao.

"Atalala," nikamwambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka maji yarudi."

Akaridhika. Akaongeza karatasini, chini ya KAMONGO, kwa herufi ndogo: atalala. Huo ndio uongo nilioutoa siku hiyo kwa kujua, na ulinitoka laini kuliko ukweli.

Wakapanda lori. Ipyana alikuwa anawahesabu kwa kuwagusa vichwa ndipo sauti ilipokuja, kutoka ng'ambo, juu ya mafunjo yote: du-du-du-du-du, nyembamba, ikishuka. Kimya. Kisha tena. Ambilikile alikuwa amemaliza kufunga lango.

Lori zima lililipuka kwa furaha. Yupo, Bi Atu, yupo, umemsikia? Karatasi zikatolewa. Tumpale alikuwa amening'inia ubavuni, kalamu tayari kwenye safu ya Nimesikia, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaniuliza huyo ni dume au jike, maana anataka kuandika sawasawa.

Nikamwambia ni dume.

"Na jike yuko wapi? Mbona hamjibu?"

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa lori. Akageuza uso.

"Jike ni mimi," nikasema.

Wakacheka. Walicheka mpaka wakaegemeana, hata Ipyana alicheka, na lori likaondoka na kicheko chao na vumbi lake. Kule ng'ambo akaita mara ya tatu, akangoja muda mrefu. Mikono yangu nilikuwa nimeiweka mifukoni.